Habari za Waliofundishwa Muziki na Waliojifunza Wenyewe

Kijana mmoja wa bara alituletea swali, nasi tumekaa nalo siku nyingi. Alisema hivi: amelima pamba misimu miwili, ameweka akiba, na fedha aliyo nayo yatosha jambo moja tu kati ya mawili. Aweza kununua gitaa, akae nalo nyumbani kwao na kujifunza mwenyewe. Au aweza kumlipa mwalimu mjini, apige gitaa la mwalimu saa za somo, kisha arudi kwao mikono mitupu. Achague lipi?

Tulikuwa karibu kumjibu upesi ya kwamba amfuate mwalimu, maana sisi sote tuliopita shuleni twapenda kuisifu shule. Lakini tulipoanza kuzipitia habari za muziki katika nchi zetu na za jirani, tuliona ya kuwa jibu lile la upesi halitoshi, na ya kuwa jibu la kinyume chake halitoshi vilevile. Kwa hiyo twaomba tuwasimulieni habari zenyewe, kisha mwishoni tutawaambia tulimjibuje.

Kwanza yafaa tuondoe kosa moja. Wako watu wanaodhani ya kuwa kufundishwa muziki ni jambo lililoletwa na Wazungu, na ya kuwa wazee wetu walipiga na kuimba kama ndege anavyolia, pasipo mwalimu. Sivyo hata kidogo. Mtoto wa pwani alipotiwa chuoni alifundishwa kuisoma Kurani kwa sauti, avute panapovutwa na akate panapokatwa, na mwalimu alimrudisha aya ile ile mpaka ulimi na pumzi vikapatana. Mwari alifundishwa nyimbo za unyago na kungwi, wala hakuruhusiwa kuzibadili apendavyo, kwa kuwa mafundisho yalikuwa mumo humo ndani ya nyimbo. Ngoma kubwa zilikuwa na manju, na kijana aliyetamani ngoma kuu alianzia kwenye ile ndogo yenye pigo moja lisilobadilika, akalipiga usiku kucha hata mikono ikaota sugu. Mafundi wa kazi zote walikuwa na wanagenzi wao, na mwanagenzi alipokwisha kuijua kazi alimpa fundi wake kilemba, yaani zawadi ya shukrani ya kufunguliwa. Neno hilo la kilemba tuliweke akiba, tutalihitaji mbele.

Basi na tuanze Unguja, zamani za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Mapokeo ya wenye taarabu husema ya kuwa Sayyid huyo alipendezwa mno na muziki wa Misri, akaleta wapigaji wa huko kumburudisha katika jumba lake. Kisha akaona si vema kuwategemea wageni siku zote. Akamtuma mtu aitwaye Mohamed bin Ibrahim aende Cairo kujifunza kupiga kanuni, na aliporudi akawafundisha wengine, na likapatikana kundi la wapigaji wa jumbani.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini safari yote hiyo, merikebu na gharama, kwa ajili ya chombo kimoja? Haikuwezekana kanuni iletwe sandukuni, na mwenye akili ajaribu mpaka ajue? Lakini anayekijua chombo hicho hataliuliza swali hili. Kanuni ni sanduku la ubao, pana na bapa, hulazwa juu ya mapaja, na juu yake zimetandazwa nyuzi sabini na zaidi. Nyuzi hizo zimepangwa tatu tatu, na kila tatu ni sauti moja. Zisipolingana kwa ukamilifu, sauti hutoka na ukungu, kama maneno ya watu watatu wanaosema jambo moja pasipo kuanza pamoja. Mpigaji huzigusa kwa vipande vyembamba vilivyofungwa katika vidole vyake vya shahada. Zaidi ya hayo, muziki wa Kiarabu una sauti nyingine zinazokaa katikati ya sauti mbili za kinanda cha Kizungu, na mtu asiyeonyeshwa huzipita kama mtu apitavyo mlango uliofichwa kwa pazia. Jambo la namna hii halijifunzwi kwa kukitazama chombo. Lazima awepo mtu wa kukuambia, "Bado. Kaza kidogo. Umezidisha. Hapo hapo." Maneno hayo mafupi ndiyo yaliyomvusha bahari Mohamed bin Ibrahim.

Matunda ya safari ile hayakufia jumbani. Mwaka 1905 vijana wa Mjini Unguja waliunda chama chao, wakakiita Ikhwani Safaa, wakaagiza ala kutoka Misri, nao wakajifunza kupiga udi, kanuni, fidla na nai. Kwa hiyo elimu iliyonunuliwa kwa mali ya mtawala mmoja ilishuka ngazi ikaingia mitaani. Lakini ilishuka ikiwa bado katika kanzu yake ya kigeni: nyimbo zilizoimbwa zilikuwa za Kiarabu, na wengi waliosimama nje ya dirisha kusikiliza walisikia mahadhi tu, wala hawakujua kinachosemwa.

Sasa tuondoke mjini twende Fumba, upande wa kusini wa kisiwa hicho hicho. Karibu na mwaka 1880 alizaliwa huko mtoto wa kike katika nyumba ya watu maskini wenye asili ya utumwa, akaitwa Mtumwa. Kazi ya kwao ilikuwa kufinyanga vyungu, naye alipokua alivichukua kwenda kuviuza, akivinadi njiani. Huyo ndiye aliyekuja kujulikana baadaye kwa jina la Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert ameandika kitabu kizima cha maisha yake. Husimuliwa ya kuwa sauti yake ilikwisha kujulikana na watu tangu alipokuwa muuza vyungu. Nasi twaamini, maana mnadi vyungu hana mwalimu wa pumzi ila njia yenyewe. Akivuta pumzi vibaya, sauti yake haifiki nyumba ya tatu, na chungu hakiuziki. Hakuna mtihani mkali kuliko huo, wala hakuna mwalimu mwenye ada ndogo kuliko njia ya mchanga na jua la saa saba.

Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akakutana na Muhsin Ali, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, naye akamfundisha kuimba pamoja na ala, na kuimba nyimbo za Kiarabu. Twamwomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo kiini cha mazungumzo yetu. Muhsin Ali hakumpa Siti sauti, alikuwa nayo. Hakumpa pumzi, aliipata njiani na vyungu kichwani. Alichompa ni jinsi ya kuingia pale ala zinapofungua mlango, na jinsi ya kungoja, na jinsi ya kuushika wimbo usiteleze sauti inapopanda. Mwimbaji wa ngoma huongoza yeye, na ngoma humfuata. Mwimbaji wa taarabu hana budi kukaa ndani ya mahadhi pamoja na fidla na udi, wasije wakagongana kama watu wawili mlangoni. Jambo hilo Siti asingeweza kulijua kwa kunadi, hata angenadi miaka arobaini.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Siti alipokwisha kufundishwa hakubaki pale alipowekwa na mafundisho. Yeye na wenzake waliimba kwa Kiswahili, Kiswahili kile cha watu wa kawaida, wakayaimba mambo ya mtaani: maonevu ya wakubwa, hukumu za mahakamani, wanaume wasiotimiza ahadi. Wale waliosimama nje ya dirisha wakasikia hatimaye na maneno pia. Hayo hakuna mwalimu aliyemfundisha. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay, katika Bara Hindi, kuimba mbele ya mashine za santuri, na sahani zake zikaenea pwani nzima na bara. Alifariki mwaka 1950. Ama sisi, kila tunapofikiri habari zake, twaona ya kuwa pasipo Muhsin Ali angebaki muuza vyungu mwenye sauti nzuri. Na pasipo vyungu angekuwa mwigaji mwema wa nyimbo za Misri, na jina lake tusingelijua.

Tumetaja santuri, nasi hatuwezi kuipita hivi hivi, kwa kuwa santuri ilileta mwalimu wa namna mpya. Tangu siku zile kijana wa kijiji chochote aliyeweza kukaa karibu na duka la Mhindi, au na nyumba ya karani mwenye mashine, aliweza kumsikia Siti, na baadaye wengine wengi, mara kumi kwa siku. Wapigaji wengi tunaowaita "waliojifunza wenyewe" walijifunza hivyo. Kwa hakika hawakuwa peke yao. Walikuwa na mwalimu wa chuma na kamani.

Mwalimu huyo ana wema wake. Hachoki, hakasiriki, hadai ada, wala hamwulizi mwanafunzi ni mtoto wa nani. Lakini ana kasoro tatu, nazo zimewapoteza wengi. Ya kwanza, sahani za zamani ziliweza kuchukua dakika tatu tu au zaidi kidogo kila upande. Wimbo uliokuwa ukiimbwa arusini muda mrefu, ukirudiwa na kuzungushwa, watu wakitunza na mwimbaji akiongeza beti, ulikatwa ukaingizwa katika dakika hizo tatu kama mtu anavyokunja mkeka. Vijana waliojifunza kwa santuri walijifunza mkeka uliokunjwa. Walipoitwa arusini wimbo uliwaishia mapema, wasijue la kufanya.

Ya pili twaieleza kwa kisa alichotusimulia mzee mmoja mpiga udi. Katika ujana wake alijifunza nyimbo sita kwa santuri ya jirani. Sahani zile zatakiwa kuzunguka mara 78 kwa dakika. Lakini kamani ya mashine ile ilikuwa imelegea, na jirani yule alikuwa mvivu wa kutia ufunguo, hata sahani ikazunguka polepole na sauti ikashuka. Kijana akazifuata sauti hizo zilizoshuka, akalegeza nyuzi za udi wake zipatane nazo, akafurahi. Siku ya kwanza alipoketi na wenzake, kila alipopiga palitokea ugomvi wa sauti. "Nikawaona wote wamekosea," alituambia mzee, akicheka hata machozi yakamtoka, "watu sita wamekosea, ni mimi tu niliye sawa." Ilimpasa mpiga fidla mmoja kumshika mkono na kumlinganishia nyuzi moja baada ya moja.

Na kasoro ya tatu ndiyo mama yao: santuri husema, haisikii. Haiwezi kukuambia ya kuwa umekosea. Radio nayo ni vivyo hivyo, nasi tunaosema kwa radio twalikiri hilo bila haya. Twaweza kuwaelezeni habari za udi usiku kucha, lakini mmoja wenu akiushika vibaya hatumwoni.

Basi itakuwaje mahali pasipo mwalimu wala mashine? Hapa tuna habari ya ajabu, nasi twaipenda kuliko zote. Miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa wamisheni walikuwa na bendi ya shaba huko Freretown, karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani. Sultani wa Unguja alikuwa na bendi yake. Nao Wadachi walikuwa na bendi ya askari Dar es Salaam. Waliofundishwa tarumbeta humo walikuwa wachache, tena walifundishwa kwa amri na saa. Lakini waliowatazama walikuwa maelfu. Kutokana na macho hayo ilizaliwa ngoma ya beni, katika Lamu na Mombasa na Tanga, yenye mashindano yake, vyeo vyake, na mavazi ya kuigiza makapteni. Wakati wa Vita Kuu, tangu 1914 hata 1918, askari na wapagazi waliichukua beni mpaka bara, na vyama vya Marini na Arinoti vikashindana katika miji mingi ya Tanganyika.

Ngoma hii ilipofika kando ya Ziwa Nyasa iliwakuta watu wasio na shaba wala fedha ya kununulia shaba. Wakafanyaje? Walichukua vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake. Utando ule hutetemeka na kuigeuza sauti ya mtu ikawa kama sauti ya tarumbeta. Wakatengeneza vibuyu vikubwa na vidogo, vya sauti nene na nyembamba, wakapata bendi kamili. Upande wa Nyasaland iliitwa malipenga, na upande wetu mganda. Hapana mwalimu yeyote wa bendi ambaye angewafundisha jambo hilo, kwa kuwa mwalimu wa bendi angeanza kwa kusema, "Kwanza nunueni tarumbeta." Hapa kujifunza mwenyewe kulishinda kwa sababu hakukujua ya kuwa jambo halifai kujaribiwa.

Hata hivyo, tusije tukasahau walichokosa. Nyimbo zile za beni, ambazo watu waliziimba kwa miaka mingi na ambazo zilikuwa na mizaha mikali juu ya wakubwa, nyingi zimepotea pamoja na waliozitunga. Wapigaji wake hawakuwa na njia ya kuyaandika mahadhi.

Njia ya kuyaandika ilikuwapo, na ililetwa na mashule ya misheni. Mwingereza mmoja, John Curwen, mchungaji, aliombwa mwaka 1841 atafute njia nyepesi ya kuwafundisha watu kuimba. Aliichukua kazi ya mwalimu mwanamke, Sarah Glover wa Norwich, akaitengeneza, ikawa ile tunayoiita solfa: do, re, mi, zikaandikwa kwa herufi tu, pasipo mistari wala vichwa vya nota. Herufi hizo zaweza kupigwa chapa kwa mashine yoyote na kuandikwa ubaoni kwa chaki. Ndiyo sababu zilienea Afrika upesi, na kwaya nyingi za kwetu zimeimba kwazo.

Tutasema ukweli juu ya mafundisho hayo. Yalikuja na hasara. Walimu wengi waliikataa ngoma, wakaiita ya kishenzi, na vijana wakajifunza kuionea haya mikono ya baba zao. Tena waliyachukua mahadhi ya Ulaya wakayavisha maneno ya Kiswahili pasipo kuyapima. Kiswahili hukaza silabi iliyo kabla ya mwisho. Mahadhi yale hukaza mahali pengine. Basi neno "baba" likaimbwa limekazwa mwishoni, na "Bwana" vivyo hivyo, na mzee asiyezoea kanisa husikia kama lugha nyingine. Mwanafunzi mtiifu huimba hivyo kwa kuwa mwalimu amesema. Asiyefundishwa asingeimba hivyo kamwe, maana sikio lake lingekataa.

Lakini ipo na faida, nayo ni kubwa. Katika shule ya misheni ya Nancefield, karibu na Johannesburg, alikuwako mwalimu na kiongozi wa kwaya, Enoch Sontonga, Mxhosa. Alitunga nyimbo nyingi kwa wanafunzi wake, akaziandika kwa solfa katika daftari, na mmoja wa nyimbo hizo aliutunga mwaka 1897. Sontonga alifariki mwaka 1905, hali bado kijana. Wimbo wake haukufa naye: uliimbwa na kwaya baada ya kwaya, ukavuka mipaka, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 mahadhi yake yakawa ya wimbo wa taifa, ule wa "Mungu ibariki Afrika". Kila tunaposimama na kuuimba twaimba mahadhi ya mwalimu wa shule aliyefundishwa herufi saba, akazitumia.

Msomaji sasa aweza kudhani ya kuwa tumemaliza, na ya kuwa mwalimu ameshinda. Bado yuko mtu mmoja wa kusikilizwa. Naye ni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika Katanga ya Kongo, uliokuwa mji wa Msiri, yule mtawala aliyetoka upande wetu wa Unyamwezi. Bosco alijifunza gitaa kwa kutazama, kusikiliza na kujaribu. Alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume, gumba na cha shahada. Gumba likitembea chini kwa sauti nene, na kidole cha shahada kikicheza juu, kila kimoja na mwendo wake, hata asiyemwona akadhani ni watu wawili. Mwalimu wa gitaa wa mtindo wa Ulaya hutaka vidole vinne vifanye kazi, na angeanza kwa kuuvunja mkono ule na kuujenga upya.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya muziki, alimsikia Bosco katika mji wa Jadotville, ambao siku hizi ni Likasi, akazinasa nyimbo zake, mmojawapo ukiwa "Masanga", ulioimbwa kwa Kiswahili cha huko. Sahani zake zikaenea, na vijana wa Kongo, wa Kenya na wa Tanganyika wakakaa mbele ya santuri wakijaribu kuukamata mkono ule. Baada ya miaka kumi hivi mtaalamu mmoja, David Rycroft, aliketi akaziandika nyimbo za Bosco kwa nota, pigo kwa pigo, akazieleza katika jarida la muziki wa Afrika mwaka 1961 na 1962. Yaani mtu wa vitabu alikwenda shule kwa mtu asiye na vitabu. Nasi hatuoni aibu kwa upande wowote. Bosco alipata mkono wake kwa kukosa mwalimu. Lakini mkono huo usingalijulikana sana na wengine kama pasingalitokea wenye kunasa na kuandika.

Tena tusisahau jambo hili: Bosco alikuwa mmoja. Twamtaja yeye kwa sababu twamjua. Wale waliojifunza wenyewe wakapotea njia, wakashika chombo vibaya mpaka kifundo cha mkono kikauma, wakaupenda wimbo mmoja kwa sababu ni huo tu wautambuao, kisha wakatundika gitaa ukutani likafanyiwa nyumba na dondora, hao hawana wasifu. Na upande wa shule hali ni hiyo hiyo. Wako wengi waliohitimu, wanaosoma nota kama karani asomavyo barua, na ukiwaondolea karatasi hawawezi kumwimbisha mtoto alale.

Kwa hiyo twauona ugomvi wa kufundishwa na kujifunza mwenyewe kuwa umewekwa vibaya. Tulipowatazama wote hawa, hatukumwona hata mmoja aliyejifunza peke yake kweli kweli. Siti alikuwa na njia yake na Muhsin wake. Watu wa vibuyu walikuwa na bendi waliyoitazama. Bosco alikuwa na wapigaji wa mitaani kabla yake. Wala hatukumwona hata mmoja aliyefanywa fundi na mwalimu tu, pasipo yeye kukaa usiku na chombo chake. Kilichowatenga waliofika na wasiofika, kwa maoni yetu, ni kuwapo kwa mtu wa kuwasikia. Mwanafunzi anaweza kujipa mazoezi, anaweza kujipa nyimbo, anaweza kujipa hata mtindo mpya. Sikio la pili hawezi kujipa, maana anapopiga, sikio lake limekwisha kujua anachotaka kusikia, nalo humdanganya.

Hofu yetu nyingine ni juu ya wazee wenyewe. Wapiga kanuni ni wachache, wapiga gambusi ni wachache zaidi, na kila mmoja akiondoka huondoka na mambo ambayo hayamo katika sahani yoyote, kama vile namna ya kuishika risha na sababu ya kulegeza uzi mmoja kabla ya wimbo fulani. Mwaka 2002 kilifunguliwa chuo cha muziki Mjini Unguja, katika jumba la forodha ya zamani, wakawekwa wazee hao kufundisha vijana udi, kanuni, fidla na ngoma. Tulifurahi sana tuliposikia. Lakini Mjini Unguja ni mbali na shamba la pamba.

Hivi ndivyo tulivyomjibu kijana wetu. Nunua gitaa, kwa kuwa asiye na chombo nyumbani hajifunzi, hata akiwa na mwalimu bora. Vidole husahau kati ya somo na somo. Lakini usinunue lile la bei kubwa unalolitamani. Nunua lililotumika, lisilopinda shingo, ubakize fedha kidogo. Kisha uliza katika vijiji vya karibu: ni nani aliyekuwa akipiga chombo chenye nyuzi, gitaa, udi, au hata zeze? Si lazima awe hodari sasa. Mikono ya wazee huweza kuwa mizito hali masikio yao ni mazima. Mwendee mara moja kwa mwezi na sukari au sabuni, umwombe akusikilize tu. Nyimbo zitafute mwenyewe, kwa radio, kwa jirani, popote. Na ile fedha uliyobakiza iwe kilemba chake.

Kijana alitujibu baada ya miezi mitatu. Alimpata mzee wa namna hiyo, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli, aliyepata kupiga katika bendi ya dansi mjini. Alikwenda kwake na nyimbo nne alizokwisha kuzitengeneza, tayari kuzionyesha. Mzee hakumruhusu kupiga hata mmoja. Alimkalisha chini ya mwembe alinganishe nyuzi sita tu, azilegeze zote, azilinganishe tena, mpaka adhuhuri.